Kitabu kimoja, majina manne: lipi liandikwe wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkutubi wa chuo cha kilimo, mwaka wa pili kazini, na tunatumia Koha, programu ya katalogi ya maktaba. Nina kitabu kinachonisumbua. Ukurasa wa jina umeandikwa juu kwa herufi kubwa 'Beekeeping Guide: For Small-Scale Beekeepers', na chini yake kwa herufi ndogo 'Mwongozo wa Ufugaji Nyuki: Kwa Wafugaji Wadogo'. Jalada lina jina jingine kabisa, 'Nyuki ni Mali', na mgongoni pameandikwa 'Ufugaji Nyuki' tu. Ndani ni Kiswahili kitupu, isipokuwa muhtasari wa Kiingereza wa kurasa nne mwishoni. Aliyenitangulia alikuwa akichukua jina la Kiingereza kuwa jina la kitabu, na majina mengine anayaweka kwenye maelezo, uga wa 500. Wanafunzi wanalalamika kwamba vitabu hawavioni kwenye katalogi ilhali viko rafuni. Niendelee na mtindo wake au nibadilishe?"

Jibu:

Marahaba. Badilisha, na uanze na hicho hicho cha nyuki.

Jina kuu la kitabu hicho ni la Kiswahili. Utajiuliza imekuwaje, maana Kiingereza kimetangulia na kinaonekana toka mlangoni. Kanuni haianzi na ukubwa wa herufi. RDA, kanuni za kuorodhesha vitabu, inasema, kama ilivyosema AACR2, kanuni za mwaka 1978 zilizoitangulia, kwamba ukurasa wa jina ukiwa na majina kwa lugha mbili au zaidi, jina kuu ni lile la lugha ya matini yenyewe. Mpangilio wa ukurasa na ukubwa wa maandishi huulizwa pale tu lugha ya matini inaposhindwa kuamua, kwa mfano kitabu kilichogawanywa sawa kwa sawa, au albamu ya picha isiyo na maneno. Kurasa nne za muhtasari hazikigeuzi kitabu chako kuwa cha Kiingereza. Kwa hiyo aliyekutangulia alikosea hata kwa kanuni za zamani alizosomea.

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linanikera. Miongozo ya kilimo, ripoti za miradi, vijitabu vya afya, vingi vinaandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wakulima na wauguzi wetu, kisha kwenye ukurasa wa jina Kiingereza kinapewa kiti cha mbele kwa heshima ya aliyetoa fedha. Mchapaji ana sababu zake, hatumwingilii. Lakini mkutubi anaponakili utaratibu huo bila kufungua kitabu, kitabu cha Kiswahili kinaingia kwenye katalogi kwa jina la kigeni, kinapangwa kwenye orodha chini ya herufi ya jina hilo, na mkulima aliyeandikiwa anakikosa. Fungua kitabu kwanza. Soma kurasa mbili tatu za katikati. Ndipo uandike.

Sasa tuandike. Katika MARC, mpangilio wa rekodi za katalogi, kila sehemu ya rekodi ni uga wenye namba yake; namba mbili zinazofuata ni viashiria, na kila alama ya $ na herufi yake hufungua kijiuga. Uga wa 245, ambao ni wa jina, kwa kitabu chako utakuwa hivi:

245 10 $a Mwongozo wa ufugaji nyuki : $b kwa wafugaji wadogo = Beekeeping guide : for small-scale beekeepers / $c …

Alama ya sawasawa, yenye nafasi kila upande, ndiyo inayomwambia msomaji wa rekodi kuwa kinachofuata ni jina sambamba: jina lile lile la kitabu, kwa lugha nyingine, lililochapwa na mchapaji mwenyewe. Nukta mbili hutangulia maelezo ya jina. Kila jina linatembea na maelezo yake. Kiswahili kinamaliza sentensi yake, ndipo Kiingereza kinaanza. Usiyachanganye kwa kuweka majina mawili mwanzo na maelezo mawili mwisho.

Na tazama tena mstari ule: $b imetokea mara moja tu. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote kwa wanaoanza. Wanaona alama ya sawasawa, wanafungua $b. Wanaona nukta mbili, wanafungua $b nyingine. Kijiuga hicho hakirudiwi katika 245. Hufunguliwa penye alama ya kwanza kati ya hizo mbili, na yote yanayofuata hukaa humo humo hadi kwenye mkwaju (/) wa $c. Koha inaweza kukukubalia ukikirudia, lakini rekodi itakuwa mbovu, na utagundua siku ya kuihamishia kwenye mfumo mwingine.

Jina sambamba likishakaa ndani ya 245 limeonekana, lakini halijafunguliwa mlango wake. Anayetafuta jina kwa kuanzia neno la kwanza, au anayepitia orodha ya majina kwa alfabeti, hatalifikia kwa sababu limejificha katikati ya mstari. Kwa hiyo linarudiwa katika uga wa 246, ambao ndio uga wa majina mbadala:

246 31 $a Beekeeping guide : $b for small-scale beekeepers
246 14 $a Nyuki ni mali
246 18 $a Ufugaji nyuki

Viashiria viwili vya uga huu vina kazi tofauti, na ukivielewa hutavisahau. Cha kwanza kinajibu maswali mawili kwa pamoja: je, jina hili lionekane pia kama maelezo kwenye rekodi, na je, liwe njia ya kutafutia? Namba 1 ni ndiyo kwa yote mawili. Namba 3 ni njia ya kutafutia bila maelezo. Namba 0 ni maelezo bila njia, na 2 ni hapana kwa yote. Jina la Kiingereza nimelipa 3 kwa kuwa tayari linasomeka katika 245, hakuna haja ya kulirudia mbele ya macho. Jina la jalada na la mgongoni nimeyapa 1, maana hayaonekani popote pengine, na msomaji anastahili kuelezwa kwa nini kitabu alichoshika kimeandikwa "Nyuki ni mali" wakati rekodi inasema vingine.

Kiashiria cha pili kinaeleza jina limetoka wapi au ni la aina gani. Namba 1 ni jina sambamba, 4 ni la jalada, 8 ni la mgongoni. Zilizobaki utakutana nazo kwa kadiri ya kazi: 0 ni sehemu ya jina, 5 ni jina la ukurasa wa jina wa nyongeza, 6 ni lile la juu ya ukurasa wa kwanza wa matini, 7 ni lile linalorudiwa juu ya kila ukurasa. Pasipo na aina inayofaa, kiache wazi na ueleze kwa maneno yako katika $i. Mambo mawili madogo: uga wa 246 haumaliziki kwa nukta, na jina la Kiingereza linaloanza na "The" au "A" huandikwa humo bila neno hilo.

Kwa kuwa umenieleza juu ya muhtasari, ongeza pia uga wa misimbo ya lugha, 041 0# $a swa $b eng (swa ni Kiswahili, eng ni Kiingereza, $b ni lugha ya muhtasari), na uga wa maelezo ya lugha, 546, yenye maneno "Matini ya Kiswahili, muhtasari wa Kiingereza." Alama ya # ni kiashiria kisichojazwa. Msimbo wa lugha katika 008, uga wa misimbo ya jumla, uwe swa. Ukiuacha eng, kitabu kitapotea tena kwa mlango mwingine, pale mwanafunzi atakapochuja matokeo kwa lugha.

Sasa uone kwa nini mtindo wa uga wa 500 uliwaumiza wanafunzi wako. Uga huo ni wa maelezo ya jumla. Mtu akitafuta kwa "neno lolote", Koha itapitia humo na huenda akakiona kitabu katikati ya mia. Lakini akichagua kutafuta kwa jina, faharasa ya majina haisomi uga wa 500. Inasoma 245, 246 na wenzake. Mwanafunzi mwerevu, anayejua kuchagua "jina", ndiye anayekosa.

Tusimhukumu sana aliyekutangulia, hata hivyo. Wengi wetu tulifunzwa wakati wa kadi. Kila jina la ziada lilikuwa kadi ya ziada ya kupigwa taipu na kupangwa kwenye droo kwa mkono, na maktaba yenye taipureta moja ilijifunza ubahili. Jina la jalada likaishia kwenye maelezo kwa sababu maelezo hayakudai kadi. Ubahili ule ulikuwa na maana yake wakati ule. Leo 246 ya nne haigharimu chochote zaidi ya sekunde za kuiandika.

Mimi mwenyewe nililipa gharama yake. Miaka yangu ya mwanzo, katika maktaba ambayo sitaitaja, alikuja mzee akitafuta kitabu cha mifugo alichowahi kuazima. Alilikumbuka jina la jalada, neno kwa neno, na rangi yake. Nilipekua droo, nikamwambia hatuna. Baada ya miezi nilikikuta nikihesabu vitabu, kiko rafuni muda wote, kimeorodheshwa kwa jina la ukurasa wa ndani ambalo mzee yule hakuwahi kulisoma. Wasomaji wengi hawaufungui ukurasa wa jina. Wanaona jalada na mgongo, na kwao hilo ndilo jina la kitabu.

Utakutana na kitabu kigumu zaidi kuliko hiki: kile chenye lugha mbili zilizogeuziana migongo. Upande mmoja Kiswahili na ukurasa wake wa jina, ukikipindua unakuta Kiingereza na ukurasa wake. AACR2 ilitaka jina sambamba litoke kwenye ukurasa mkuu wa jina, kwa hiyo jina la upande wa pili liliwekwa kwenye maelezo kama la ukurasa wa nyongeza. RDA imelegeza kamba hiyo. Jina sambamba unaweza kulitoa popote ndani ya kitabu chenyewe. Andika moja kuwa kuu na la pili baada ya alama ya sawasawa, kisha 246 31. Ipi iwe kuu? Matini zikiwa sawa, na kitabu hakina mbele wala nyuma, maktaba yenye wasomaji wa Kiswahili ichague Kiswahili, iandike uamuzi huo kwenye mwongozo wake wa ndani, na wote waufuate.

Kuna mtego mwingine, adimu lakini mbaya. Wakati mwingine ukurasa wa jina unatoa jina la Kiswahili na watayarishaji wake kwa Kiswahili, halafu jina la Kiingereza na watayarishaji wale wale kwa Kiingereza. Ukifuata utaratibu wa ukurasa, mkwaju wa kwanza unakuja kabla ya jina sambamba, na katika MARC ukishafungua $c, yote yanayofuata yanamezwa humo. Jina sambamba linakaa ndani ya kijiuga cha waandishi. Hapo 246 31 ndiyo njia pekee jina hilo litakayopatikana nayo, na mworodheshaji akiisahau amelizika.

Sasa mpaka ambao nakuomba usiuvuke. Alama ya sawasawa ni ya kilichochapwa. Ukiwa na kitabu cha Kiswahili chenye jina moja tu, nawe unataka mgeni asiyejua lugha aelewe kinahusu nini, usimtungie jina la Kiingereza na kulibandika katika 245. Tafsiri yako mwenyewe ina uga wake, 242, pamoja na msimbo wa lugha katika $y. Nimeona rekodi zenye majina sambamba ambayo ukikishika kitabu huyapati popote. Mtafiti akinukuu jina lile katika tasnifu yake, amenukuu jina lisilokuwepo.

Tafsiri za vitabu nazo huchanganya watu. Chukua "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969. Jina la Kiingereza la tamthilia ile ya Shakespeare halihesabiwi kuwa jina sambamba kwa sababu tu ndilo jina la asili. Linakuwa sambamba pale mchapaji alipolichapa kama mwenzi wa jina la Kiswahili. Vinginevyo nafasi yake ni uga wa 240, unaobeba jina la kazi yenyewe: Shakespeare katika 100, uga wa mwandishi mkuu, "Merchant of Venice" katika 240 pamoja na $l Swahili, na Nyerere katika 700, uga wa wachangiaji wengine. Weka pia 041 1# $a swa $h eng, yaani kimetafsiriwa kutoka Kiingereza.

Tafsiri ya kwanza ya Nyerere inafundisha zaidi. Ilitoka mwaka 1963 kwa jina "Julius Caezar", akaipitia upya, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina "Juliasi Kaizari". Mwanafunzi anayejua jina moja atakosa toleo la pili. Usizibane katika rekodi moja, maana ni matoleo mawili yenye maandishi tofauti. Kila toleo lipate rekodi yake na jina lake kama lilivyochapwa. Kinachoziunganisha ni 240 moja, "Julius Caesar", katika rekodi zote mbili.

Hapo tumefika kwenye majina ambayo hayajaandikwa kwenye kitabu hata kidogo, lakini watu wanayajua. Fasihi yetu ya pwani imejaa haya. Utenzi alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728 unaitwa "Utendi wa Tambuka", na unaitwa pia "Chuo cha Herkali". Kiamu kinasema utendi, Kiunguja kinasema utenzi, kwa hiyo shairi la Mwana Kupona la mwaka 1858 lina tahajia mbili kabla hujagusa tafsiri yoyote. "Al-Inkishafi" ilihaririwa na William Hichens mwaka 1939 kwa jina la nyongeza "The Soul's Awakening", kisha James de Vere Allen akaitoa mwaka 1977 kama "Catechism of a Soul". Shairi ni lile lile, lakini ukisoma majina ya Kiingereza peke yake utadhani ni vitabu viwili visivyojuana.

Kwa maktaba yenye faili la majina yaliyoidhinishwa, tofauti hizi zinahifadhiwa huko, kwenye rekodi ya kazi, mara moja kwa matoleo yote. Maktaba ndogo nyingi hazina faili hilo, na sitakudanganya kwamba utalipata mwaka huu. Basi tumia 246. RDA inakubali jina mbadala litoke nje ya kitabu, katika marejeo au kwa mworodheshaji mwenyewe. Andika 246 3# $a Utenzi wa Tambuka, na nyingine ya Herkali, na majina ya Kiingereza ya "Al-Inkishafi" yapate njia zao. Kuhusu ile "Al", wako wanaoihesabu kuwa kiungo cha Kiarabu na kuiruka kwa kuweka 3 katika kiashiria cha pili cha 245, kinachotaja ni alama ngapi za mwanzo zirukwe katika kupanga. Mimi naona jina limeshaingia Kiswahili zima zima, hivyo naweka 0 na kuongeza 246 3# $a Inkishafi kwa wanaoliita hivyo. Shika njia moja tu. Zikichanganywa, toleo moja litapangwa kwenye A na jingine kwenye I.

Makosa ya chapa yanafuata mantiki hiyo hiyo. Jalada na ukurasa wa jina vikisema "Mwogozo", katika 245 andika "Mwogozo" kama lilivyo, kisha 246 1# $i Jina sahihi: $a Mwongozo wa… Tarakimu nazo: "miaka 50" ipate mwenzake "miaka hamsini". Lakini usifungue 246 kwa tofauti ya herufi kubwa na ndogo, wala kwa kila maelezo yanayofuata nukta mbili. Jiulize kama kuna mtu atakayeliuliza jina hilo kaunta. Asipokuwepo, liache.

Majarida yaweke kando kabisa. Jarida la taaluma lililoitwa "Swahili" likaja kuitwa "Kiswahili" halikupata jina mbadala, limebadili jina. Hapo kwa kawaida unafungua rekodi mpya na kuziunganisha kwa 780, uga wa jina lililotangulia, na 785, uga wa jina lililofuata. Jina mbadala linaishi pamoja na jina kuu kwa wakati mmoja. Jina la zamani limekwisha.

Umeuliza pia, kwa namna fulani, juu ya mzigo ulioachiwa. Usijaribu kurekebisha katalogi nzima. Kwanza muulize anayesimamia Koha kama uga wa 246 umefunguliwa kwenye fremu, yaani violezo vya kuingizia rekodi, mnazotumia kuorodheshea. Pengine ulifichwa, na hiyo ndiyo sababu majina yalikimbilia 500. Pili, aliyekutangulia lazima alikuwa na maneno aliyozoea kuanzia maelezo yake, kama "Jina la jalada" au "Pia kwa Kiingereza". Tengeneza ripoti itoe rekodi zote zenye maneno hayo katika 500. Usizihamishe zote kwa amri moja, kwa sababu zile ambazo jina kuu lenyewe limekosewa zinahitaji kitabu kiwe mkononi. Zipange kwa idadi ya kuazimwa, chukua kumi kila asubuhi kabla ya kaunta kufunguliwa, na kila ukimaliza moja, nenda kwenye kompyuta ya wasomaji, chagua "jina", andika jina la jalada uone kama kitabu kinatokea.